Kabla ya Kumtoa Mtoto Shuleni, Oka Naye Muhula Mmoja

Mzazi anayeanza kuoka mkate wake mwenyewe na mzazi anayeanza kusoma habari za kumfundishia mtoto nyumbani mara nyingi huwa ni mtu mmoja. Ameanza kujiuliza ni kazi zipi kati ya alizowaachia wengine angeweza kuzifanya kwa mikono yake, na kama zingetoka bora zaidi. Swali hilo halina ubaya. Tatizo ni kwamba mkate hutoa jibu jioni ileile, ukajua kama umeumuka au umelala, ilhali mtoto hutoa jibu baada ya miaka, wakati marekebisho yamekuwa ghali. Kwa hiyo kama unaishi hapa Nakuru, iwe Bondeni, Kivumbini, Lanet au Njoro, na wazo la kumtoa mtoto shuleni halikutoki kichwani, usimtoe kwanza. Mwache aendelee na masomo, nawe utumie Jumamosi za muhula mmoja kuoka naye kwa utaratibu wa somo kamili, lenye kupima, kuandika na kusahihisha. Mwisho wa muhula utakuwa umejua jambo ambalo hakuna kitabu kitakachokuambia: kama wewe, kwa saa ulizo nazo na subira uliyo nayo, unaweza kufundisha.

Sababu ya kwanza ya kutokimbilia uamuzi ni sheria. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na anayepuuza anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Zipo familia za Kenya zinazofundishia watoto nyumbani, tena si za jana. Baadhi ya wazazi walilifikisha jambo hili Mahakama Kuu, lakini masharti ya kifungu hicho hayakuondoka. Anayekuambia kwamba hili ni suala la hiari yako peke yako hajakusomea sheria yote.

Sababu ya pili huzungumzwa kidogo zaidi, nayo ni alama. Katika mtaala wa umilisi, mtoto hapimwi kwa mtihani mmoja wa mwisho. Tathmini zinazofanyiwa shuleni katika Gredi ya 4, 5 na 6 zilipangiwa kubeba asilimia 60, na mtihani wa mwisho wa Gredi ya 6, KPSEA, asilimia 40. Katika sekondari ya msingi tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zina asilimia 20, KPSEA inaingia tena na asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, unabeba 60. Maana yake kwa mzazi ni rahisi kuona: kila mwaka ambao mtoto hayumo katika rejista ya shule yoyote ni mwaka ambao alama zake hazina pa kuandikwa. Atakayetaka kurudi Gredi ya 8 atarudi na pengo. Wapo wanaolikwepa pengo hilo kwa kufuata mitaala ya nje na kumwandikisha mtoto mitihani ya Cambridge kama mtahiniwa wa binafsi. Hiyo ni njia halali ya kufikiria, ila ada zake zijue kabla, si baada.

Sasa tuje jikoni, maana huko ndiko hoja ya watetezi wa elimu ya nyumbani ina nguvu zaidi. Wanasema mtoto anayegawa unga nusu kilo amejifunza sehemu kuliko yule aliyejaza vitabu kumi. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu ile nyingine ndiyo inayopoteza wazazi wengi. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza vitu kama nazi barabarani mjini Recife, Brazil. Walipoulizwa bei na chenji palepale kwenye biashara zao, watoto hao walipata asilimia 98 ya majibu. Walipopewa hesabu za aina ileile kwenye karatasi, bila nazi wala mteja, walipata asilimia 37 hivi. Mwaka 2025 watafiti kadhaa, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo walioshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019, walichapisha katika jarida la Nature kazi iliyofanywa katika masoko na shule za Kolkata na Delhi. Watoto wanaofanya kazi sokoni walipiga hesabu ngumu za biashara kichwani lakini wakashindwa na hesabu za kitabu. Wale wa shule tu walizimudu za kitabu, wakakwama walipowekewa biashara mbele yao.

Matokeo hayo yanawakata pande zote mbili. Anayedhani jiko litafundisha lenyewe amekosea, na anayedhani daftari litafundisha lenyewe amekosea vilevile. Ujuzi wa mkono hauhamii kwenye karatasi kwa hiari yake, wala wa karatasi hauteremki mkononi. Lazima awepo mtu wa kuuvusha, akimwambia mtoto: hiki ulichomimina sasa hivi, kiandike hapa kwa tarakimu, na hizi tarakimu ulizoziandika, zioneshe hapa kwenye sufuria. Kazi ya mwalimu ni kuvusha huku, na mzazi anayetaka kuwa mwalimu ajipime kwa hilo. Mkate mzuri bila ukurasa ulioandikwa ni chakula cha jioni, si somo.

Tuanze na mkate mmoja wa sufuria na tubaki nao, kwa sababu kubadili mapishi kila wiki kunamfurahisha mtoto na kumnyima nafasi ya kulinganisha. Unga wa ngano gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 300, sukari gramu 25, mafuta gramu 20, chumvi gramu 10, hamira gramu 5. Mizani ndogo ya jikoni ndicho kifaa pekee ninachoshauri ununue. Vikombe vya nyumbani havilingani, na mtoto akipima kwa kikombe hutajua kosa ni la hesabu au la kikombe. Maji yapimwe bila mizani, kwa makusudi. Mpe mtoto chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa na glasi tano zinazofanana, umwambie agawe mpaka zote tano zilingane, kisha achukue tatu. Atamimina, atainama usawa wa meza kuangalia, atarudisha kidogo, atamimina tena. Akimaliza, mwache aandike tatu juu ya tano, na mbele yake mililita 300. Mtoto wa Gredi ya 4 aliyefanya hivyo mara kadhaa na kuandika kila mara hutamlazimisha kukariri kwamba mia tatu ni sehemu tatu za tano za mia tano.

Kisha mnakanda kwa dakika kumi hivi, mnafunika, donge linaumuka hadi kuwa mara mbili, mnaligandamiza na kuliweka kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta liumuke tena. Kama huna oveni, tandaza mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, weka ile ndogo ndani, funika, weka makaa machache juu ya kifuniko na moto wa kadiri chini. Baada ya dakika kama 40 ugonge mkate chini, usikie kama unalia utupu. Mtoto apime donge kabla halijaingia motoni, na apime mkate ukishapoa. Kwa vipimo vile, donge ni gramu 860. Mkate utatoka umepungua kama moja ya kumi ya uzito huo, pengine zaidi kidogo. Hapo kuna kutoa, kuna asilimia, na kuna swali ambalo usilijibu upesi: gramu hizo zimekwenda wapi? Wengi husema moto umezila. Mwinulie kifuniko taratibu mkate ukiwa bado motoni, umwoneshe mvuke unaotoka.

Kwa mtoto wa Gredi ya 7 na kuendelea, ongeza hesabu ya waokaji wenyewe, ambao huufanya unga kuwa asilimia 100 na kupima kila kitu kingine dhidi yake. Hapa maji ni asilimia 60, sukari 5, mafuta 4, chumvi 2, hamira 1. Jumla ni 172, na mtoto atalalamika kwamba asilimia haiwezi kupita mia. Malalamiko hayo yana thamani kubwa, kwa kuwa yanakulazimisha mwulizane asilimia ya nini. Baada ya hapo mwulize unga wa kuleta donge la kilo 1 na gramu 720 ni kiasi gani, na umnyime karatasi au umpe karatasi peke yake, kwa zamu, uone anakwama upande upi.

Nakuru yenyewe itakupa somo la sayansi ambalo wa pwani hana. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama sehemu nne za tano za ile ya Mombasa, na maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Hewa inayotolewa na hamira hutanuka kwa urahisi zaidi, donge hupanda haraka, na likipanda kupita kiasi huporomoka katikati likiwa motoni. Ndiyo maana nimeandika gramu 5 za hamira mahali ambapo mapishi mengi yangesema 7. Lakini asubuhi ya Julai baridi huichelewesha hamira hiyohiyo, kwa hiyo kimo kinasukuma huku na baridi inavuta kule. Mwekee mtoto glasi tatu zenye hamira na sukari sawa, moja ya maji baridi, moja ya uvuguvugu, moja ya maji yanayotoka kuchemka. Aandike kwanza anachotarajia, ndipo aangalie. Ile ya tatu haitatoa povu, kwa kuwa hamira ni kiumbe hai na joto lile limeiua. Watoto wengi hushangaa kwamba walikuwa na kiumbe hai katika pakiti kavu ya dukani. (Magadi hayafi, kwa hiyo yajaribuni wiki nyingine kwa maji ya ndimu, mlinganishe.)

Kusoma nako kuna nafasi yake, na si lazima uagize vitabu vya ng'ambo. Anza na pakiti ya unga. Ina tarehe, uzito, alama ya ubora ya KEBS na orodha ya madini na vitamini, kwa kuwa tangu 2012 sheria inataka unga wa ngano unaosagwa viwandani uongezwe virutubishi. Mtoto aisome kwa sauti, kisha aifunike akueleze alichosoma. Kutoka hapo nenda Njoro, ambako kituo cha utafiti wa mbegu za ngano kilianzishwa mwaka 1927 na ambako aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili zijaribiwe dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina, hasa ile aina yake iliyotambuliwa Uganda mwaka 1998 na kupewa jina la Ug99. Halafu muulize: ikiwa ngano inalimwa Njoro, Narok na Uasin Gishu, kwa nini vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei ya mkate ilipanda hapa kwetu? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya ngano tunayokula hutoka nje. Hiyo ni jiografia, uchumi na ufahamu katika mazungumzo ya mchana mmoja, mradi mwisho wake mtoto aandike aya moja, nawe uisahihishe kwa kalamu.

Hapa ndipo wazazi wengi huanguka, na ni heri kusema wazi. Kuoka kunapendeza, kusahihisha kunachosha. Wanaofundishia nyumbani humpenda sana Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki 1923, kwa vipindi vyake vifupi na kwa kumtaka mtoto asimulie alichosoma. Humpenda pia John Holt, Mmarekani aliyeandika juu ya namna watoto wanavyoshindwa shuleni na aliyeanzisha mwaka 1977 jarida la wazazi waliochagua kutowapeleka watoto shule. Wasome wote wawili. Ila angalia kwamba Mason alidai utaratibu mkali wa kila siku, na Holt alikuwa amefundisha darasani na kuwachunguza watoto kwa makini kwa miaka kabla ya kufikia msimamo wake. Kinachonukuliwa sana kutoka kwao ni uhuru, na kinachorukwa ni kazi.

Utasikia mapingamizi, na baadhi yana uzito. La kwanza ni gharama: unga, sukari na makaa si vitu vya kuchezea. Kweli, na ndiyo maana nimesema mkate mmoja kwa wiki, ule ambao familia ingenunua hata hivyo. Pakiti ya kilo mbili inatoa mikate minne. Mtoto na akokotoe mwenyewe gharama ya mkate wenu, makaa yakiwemo, aigawe kwa gramu na kulinganisha na ule wa gramu 400 wa dukani. Huenda wa dukani ukawa nafuu zaidi. Usimfiche. Pingamizi la pili ni kwamba jikoni ni mahali pa wasichana. Sina mengi ya kusema juu yake, ila mwenye duka la mikate na mpishi wa hotelini mara nyingi ni wanaume, na hakuna anayewacheka.

La tatu ni zito kuliko yote: muda. Mama anayetandika bidhaa Wakulima Market alfajiri na baba anayeendesha bodaboda hadi usiku hawana saa tano za siku za kufundisha. Mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, taasisi ya mitaala, KICD, ilirusha masomo redioni na kwenye runinga. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea Oktoba, waliobaki wakasubiri hadi Januari 2021. Watetezi wa elimu ya nyumbani husema ile haikuwa elimu ya nyumbani bali dharura, nao wana haki. Hata hivyo kipindi kile kilionesha kitu kimoja ambacho dharura haikukizua: masomo yakiwepo na mtu mzima wa kukaa na mtoto asipokuwepo, masomo hupita hewani. Ukiona Jumamosi nne mfululizo zimekatishwa na simu, wageni au uchovu, hizo nazo ni matokeo, ziandike katika daftari kama zilivyo. Hazikuambii kwamba wewe ni mzazi mbaya. Zinakuambia kwamba Jumatatu hadi Ijumaa zingekatishwa pia.

La nne ni wenzake. Mtoto wa Bondeni hujifunza mengi uwanjani na njiani, akiwa na watoto wa makabila na dini zisizo zake, na katika mji ulioona ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 hilo si jambo la kupuuza. Anayefundishia nyumbani anaweza kulijaza pengo hilo kwa madrasa, kanisa, timu ya mpira au jirani, lakini alipangie. Unaweza kuanza sasa kwa kumwita mtoto wa jirani aje kuoka nanyi. Wawili wakigombania mizani utaona kama unaweza kusimamia darasa.

Neno la usalama, fupi kwa sababu halina mjadala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na vyumba vya mitaa yetu ya zamani ni vidogo, vingine vina dirisha moja. Jiko la makaa likae nje, au mlango na dirisha viwe wazi muda wote, na lisilale ndani kwa kisingizio cha kupasha chumba moto. Kifuniko chenye makaa kiinuliwe na mtu mzima peke yake.

Muhula ukianza, na tena ukikaribia kwisha, fanya kama walivyofanya watafiti wa Uwezo, ambao kuanzia 2009 waliwafuata watoto majumbani na kuwapima kwa hadithi na hesabu za kiwango cha Darasa la 2, kwa sababu kukaa shuleni na kujua kusoma ni mambo mawili tofauti. Mpe mtoto ukurasa asioujua wa kitabu cha gredi yake ausome na kuueleza. Mpe hesabu sita za sehemu na asilimia kwenye karatasi, bila unga mezani. Kisha mpe sita kama hizo kwa mdomo, unga ukiwepo. Akizimudu pande zote mbili kuliko mwanzo wa muhula, umefundisha. Akizimudu za unga tu, umeoka naye vizuri, na bado hujawa mwalimu wake. Lipeleke daftari kwa mwalimu wake wa darasa, kwani mtaala wenyewe unataka wazazi washirikishwe, na mwulize anaona tofauti gani tangu muhula uliopita.

Ikiwa baada ya hayo yote bado unataka kumtoa, usianze kwa kumkalisha nyumbani. Nenda kwanza katika ofisi ya mkurugenzi wa elimu ya kaunti ndogo, uulize ni taasisi zipi zilizoidhinishwa unazoweza kumwandikisha na mitihani yake itasajiliwa kituo gani, na uombe majibu kwa maandishi. Beba cheti cha kuzaliwa, namba yake ya mwanafunzi, ripoti za tathmini za kila gredi aliyopita, na lile daftari la mikate.